Fremu mbili za taya moja: ya kusubu na ya printa ya 3D

Mama mmoja wa Mbagala, mwalimu mstaafu wa miaka 58, alifika kliniki ya Upanga na meno yake ya bandia yakiwa yamefungwa kwenye leso. Yalikuwa vipande viwili. Plastiki ile ilikuwa imepasuka katikati kwa mara ya tatu, na mara mbili za mwanzo ilikuwa imeungwa tu, akriliki juu ya akriliki, mpaka ikawa nene kama kisigino cha ndala. "Dokta, mimi nimechoka kula uji," alisema. Daktari akajaza fomu ya maabara na kupiga mistari miwili chini ya neno moja: chuma.

Fomu ikaja kwangu Ilala, kwenye maabara yetu ya mafundi watatu na tanuru moja. Kwa kawaida ningeisubu fremu, yaani mifupa ya chuma inayobeba meno ya bandia, kwa kumimina chuma kilichoyeyuka, nikapolishi, nikapeleka, basi. Safari hii daktari alikuwa na jambo lake. Wiki ile alitembelewa na wakala wa maabara moja ya Shenzhen, China, inayochapa fremu za chuma cha kobalti-kromi kwa leza, na wakala akamwahidi kipande cha kwanza bure. Daktari akanipigia simu: "Fundi, wewe tengeneza ya kwako, na hao watengeneze ya kwao, kwenye modeli hiyo hiyo ya jiwe ya taya lake. Tutazijaribu zote mdomoni siku moja." Mama akaelezwa, akakubali, akasema tu kwamba analipia moja.

Sikufurahi. Hakuna fundi anayependa kupimwa na mtu aliyeko ng'ambo ambaye hajawahi kuliona taya lenyewe.

Taya lenyewe

Juu mama alikuwa na meno yake yote isipokuwa gego moja la mwisho. Chini yalibaki manane ya mbele, kuanzia gego dogo la kwanza la kushoto (tunaliita namba 34) hadi mwenzake wa kulia (44). Nyuma ya hapo, pande zote mbili, ni fizi tupu. Kwa mpangilio ambao daktari wa meno Edward Kennedy aliuweka mwaka 1925, hilo ni Daraja la Kwanza, na ndilo linalotuumiza vichwa. Pengo likiwa na jino mbele na nyuma, fremu inakaa kama ubao juu ya nguzo mbili. Hapa nguzo ziko mbele peke yake. Nyuma fremu inalalia fizi, na fizi inabonyea wakati jino halibonyei. Kila mama akitafuna, mkia wa fremu unazama kidogo, na kikono kilichoshika jino la 34 kinaweza kulinyanyua jino hilo kama nyundo ya makucha inavyong'oa msumari. Mwenye meno manane hana la kupoteza.

Daktari alipima kutoka ukingo wa fizi hadi sakafu ya mdomo, ulimi ukiwa umeinuliwa, akapata milimita 9. Ilitosha kwa pau nyembamba ya upande wa ulimi, ile inayounganisha pande mbili za fremu, ambayo inahitaji angalau 8: nne za kimo cha pau na nne za kuiweka mbali na ukingo wa fizi. Ingepungua hapo ningelazimika kufunika migongo ya meno kwa bamba, na mama angelalamika kwamba ulimi umekosa nafasi.

Kwenye magego madogo tulichagua mpangilio unaoitwa RPI: resti ndogo, yaani kiguu kinachoegemea juu ya jino, kwenye ukingo wa mbele, bamba jembamba upande wa nyuma, na upande wa shavu kikono chenye umbo la herufi I kinachopanda kutoka kwenye fizi. Msingi wake ulielezwa na daktari wa meno Kratochvil mwaka 1963, na Krol akaurekebisha miaka kumi baadaye. Hesabu yake ni kwamba mkia ukizama, ncha ya I inashuka na kusogea mbele, inaliachia jino badala ya kulivuta. Meno ya chonge tuliyawekea resti nyingine mbili, ili mama akila kitu kinachonata mkia usinyanyuke.

Ncha ya kikono lazima iingie chini ya tumbo la jino, la sivyo haishiki kitu. Swali ni iingie kiasi gani. Savea, kifaa cha kupimia modeli, inakuja na geji tatu: 0.25, 0.50 na 0.75 ya milimita. Kobalti-kromi ni 0.25. Ni chuma kikaidi. Ukikiingiza ndani zaidi, kila kuvaa na kuvua ni ugomvi na jino. Nusu milimita ni ya kikono cha waya. Jambo hili sikuwahi kuliandika popote. Liko mkononi: unachukua geji ndogo, unazungusha modeli, unatia nukta ya penseli, unaendelea na kazi. Miaka kumi na minne nimefanya hivyo bila kumwambia mtu, maana aliyechora alama ndiye aliyechonga nta, na aliyechonga nta ndiye aliyesubu.

Ya kusubu, na siku ya umeme

Njia hii ni kongwe. William Taggart aliiingiza kwenye udaktari wa meno mwaka 1907, lakini wahunzi wa Benin, kule Nigeria ya leo, walikuwa wakisubu shaba kwa nta karne nyingi kabla yake. Unatengeneza umbo kwa nta, unalivika udongo usioogopa moto, unachoma nta itoke, unamimina chuma mahali nta ilipokuwa.

Kwa fremu ya meno ugumu uko kwenye vipimo. Kobalti-kromi ikipoa kutoka hali ya maji inasinyaa zaidi ya asilimia 2. Taya la mama lina upana wa milimita hamsini na kitu, kwa hiyo bila dawa fremu ingetoka na pungufu ya milimita nzima. Dawa ni investimenti ya fosfeti, ndiyo huo udongo usioogopa moto, ambayo inatanuka inapoganda na inatanuka tena inapopashwa moto, ili iwe kubwa kwa kiasi kile kile chuma kitakachosinyaa. Kiasi cha kutanuka unakiamua kwa kuchanganya kimiminika chake maalumu na maji: kimiminika kingi, mtanuko mkubwa. Ukikaa Dar unajifunza jingine. Joto linaharakisha kuganda, kwa hiyo chupa yetu inalala kwenye friji pamoja na maji ya kunywa, chini, mbali na frizi. Ikiganda barafu mara moja tu imekufa, unaitupa.

Niliziba kwa nta sehemu zote zilizoingia ndani ya modeli, nikaacha nafasi ya nusu milimita mahali utakapokaa wavu wa chuma wa kushikia plastiki, nikanakili modeli kwa silikoni, nikamimina nakala ya investimenti. Juu yake nikachonga fremu ya nta. Nikaweka mifereji mitatu ya kupitishia chuma, nikaifunga yote kwenye kalibu. Jumatano saa nane mchana kalibu ikaingia tanuruni.

Saa kumi na dakika ishirini, saa ya tanuru ikisoma nyuzi 610, umeme ukakatika.

Jenereta tunayo. Petroli haikuwemo, na kosa hilo ni langu, maana Jumatatu niliambiwa dumu limebaki tupu. Kijana wetu akakimbia na dumu, akakwama kwenye foleni ya Barabara ya Uhuru, akarudi baada ya saa moja na nusu. Tanuru lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 240. Kuna wanaowasha tena na kuendelea kana kwamba hakijatokea kitu. Lakini silika iliyomo kwenye investimenti inabadilika ghafla ukubwa wake ikivuka joto fulani, aina moja karibu na nyuzi 573 na nyingine kati ya 200 na 270, na kalibu iliyokwisha kupanda, ikashuka, haiamki tena ikiwa nzima. Nilipoipasua kwa nyundo asubuhi, ndani kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umepita hasa chini ya pau. Chuma kingeingia mle na kutoka na pezi kama la samaki.

Nta ilishaungua. Bahati ukungu wa silikoni ulibaki, nikamimina nakala nyingine na kuanza kuchonga upya. Mara ya pili sikuchonga kwa utulivu ule wa kwanza; nilikuwa naitazama tarehe.

Ijumaa usiku, umeme ukiwa umetulia, kalibu ilifika nyuzi 950. Kwenye chungu cha mashine vipande vya aloi vilianza kulegea. Aloi tunayotumia ni kobalti asilimia sitini na kitu, kromi karibu 28, molibdeni 5 hivi, bila nikeli. Hapa hakuna kipimajoto kinachoshinda jicho. Vipande vinakuwa vyekundu, halafu vyeupe, pembe zinalainika, vinaegemeana, na juu kinabaki kiwingu cha kijivu kama ngozi ya maziwa. Ngozi ile ikitetemeka na kupasuka, unaachia mkono wa mashine sekunde ile ile. Ukiwahi, chuma hakifiki kwenye ncha, ukichelewa, kinaungua. Mashine ikazunguka, ikatoa ule mlio wake, na mimi nikaketi kwenye ndoo.

Tuliyeyusha gramu 28 ili kupata fremu ya gramu 9. Iliyobaki ni mifereji na kitako. Wengine wanakichanganya kitako na aloi mpya kwa kazi inayofuata. Mimi nakiweka kwenye kopo, simwekei mgonjwa chuma kilichokwisha kuyeyushwa.

Nilipokata mifereji na kuanza kusaga, mahali pau inapoungana na wavu upande wa kulia vikajitokeza vitundu viwili, kama macho ya sisimizi. Ni pale sehemu nene inapokutana na nyembamba: nyembamba inaganda kwanza, nene inabaki na kiu ya chuma na hakuna pa kukinywea. Mfereji ule niliuweka kwa haraka ya mara ya pili. Vitundu havikuwa vikubwa. Lakini vilikuwa mahali ambapo fremu ya aina hii hukatikia.

Ya printa

Modeli ilisafiri kwa bodaboda hadi Mikocheni ndani ya kopo la maziwa lililojazwa pamba, kwa rafiki mwenye skana ya mezani. Dakika chache faili la STL, yaani umbo la modeli kwenye kompyuta, likawa tayari, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa Shenzhen. Kesho yake picha ikaingia WhatsApp: modeli ya kijivu, fremu ya kijani juu yake, unaizungusha kwa kidole. Nilitazama pau, sawa. Wavu, sawa. Resti nne, zote zipo. Vikono vya I viko mahali pake. Nikajibu "sawa, endeleeni".

Nilikuwa nimeuliza maswali mawili ambayo niliyaona ya kitaalamu sana. La kwanza, cheti cha chuma: nilitaka kuona kwamba kinatimiza kiwango cha ISO 22674 aina ya 5, yaani kinavumilia angalau megapaskali 500 kabla ya kupinda moja kwa moja na kinanyooka angalau asilimia 2 kabla ya kukatika. Wakatuma. La pili, kama wanaipasha fremu moto kabla ya kuikata kutoka kwenye sahani yake.

Swali hili la pili lina sababu. Printa ya chuma haimimini. Inatandaza poda, chembe za mikroni kumi hadi arobaini na kitu (mikroni elfu ni milimita moja), katika tabaka jembamba kuliko unywele, leza inapita na kuyeyusha pale tu faili linaposema, kisha tabaka jingine, mamia kwa mamia, ndani ya chumba kilichojazwa argoni au naitrojeni. Kila nukta inayeyuka na kuganda kwa kufumba na kufumbua huku jirani yake ikiwa imeshapoa, kwa hiyo chuma kinazaliwa kikiwa na mkazo ndani yake. Fremu ya taya la chini ina umbo la U lenye miguu mirefu isiyoshikwa na kitu. Ukiikata kutoka kwenye sahani kabla ya kuitoa mkazo kwa joto, miguu inafunguka kama kibanio cha nguo, na hakuna atakayeirudisha. Wakanijibu kwamba wanaipasha kwanza. Nikaridhika, nikajiona mjanja.

Kuchapa kulichukua siku tatu. Kifurushi kikalala forodhani siku nne. Kwa jumla siku kumi na mbili tangu kutuma faili, wakati ya kwangu, pamoja na ajali ya umeme, ilichukua nane.

Juu ya modeli

Nilizipima zote mbili kwa kioo cha kukuza na kwa karatasi ya kuchorea ya mikroni 40.

Ya kusubu ilikwama kwanza kwenye bamba la nyuma la kushoto. Nikapaka rangi, nikasaga doa, nikarudia mara nne, ikakaa. Lakini chini ya resti ya chonge ya kulia karatasi ilipita bila kuguswa. Ya printa ilikaa mara ya kwanza, na karatasi haikupita chini ya resti yoyote. Sitaki mtu achukue hili kama hukumu. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili hazikubaliani nani mshindi. Nyingine zinakuta ya kusubu imekaa karibu zaidi, nyingine kinyume, na mara nyingi zote zinaangukia ndani ya kinachokubalika kliniki. Mimi nina taya moja, na fremu yangu ilikuwa ya mara ya pili, ya mtu aliyekuwa na haraka.

Kwa mikono zinatofautiana. Ya printa ilikuja ikikwaruza upande wa chini, na kwenye vikono kulikuwa na visiki vya nguzo zilizokuwa zikiibeba wakati wa kuchapwa. Chuma chake ni kigumu zaidi, chembe zake ni ndogo. Kuipolishi kulichukua saa mbili na mawe mengi, ya kwangu saa moja na robo. Vitundu sikuviona. Na hapa niseme jambo ambalo maabara nyingi za mjini zinalifanyia mzaha: vumbi la kobalti na silika si vumbi la barabarani. Leso ya kufunga puani haizuii kitu. Feni ya kunyonya vumbi kwanza, printa baadaye.

Jambo moja nililiona na kulipuuza. Nilipovua fremu ya printa kutoka kwenye modeli, ncha za vikono vya I zilikuwa na unga mweupe. Zilikuwa zimekwangua jiwe la modeli. Nikaufuta unga kwa kidole.

Mdomoni

Jumamosi mama alikaa kwenye kiti, fremu mbili ziko kwenye trei. Tulianza na ya kusubu. Iliingia kimya. Daktari akabonyeza wavu wa kulia kwa kidole, na resti ya chonge ikainuka kidogo, karibu isionekane, lakini ikainuka. Akabonyeza tena. Akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Ya printa iliingia na mlio mdogo, "tak", ikatulia. Akabonyeza kulia, kushoto, mbele. Haikutikisika. Daktari akatabasamu, na nikakubali moyoni kwamba nimeshindwa na mtu wa Shenzhen.

"Haya mama, itoe mwenyewe."

Mama akavuta. Akavuta tena kwa vidole viwili. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Daktari akajaribu kwa kucha, kisha kwa kifaa, na ilipotoka hatimaye mama alishika taya kwa viganja vyote viwili. "Dokta, hii itanitoa na jino."

Tulirudi na modeli kwenye savea, ile nakala yake ya pili ya jiwe ambayo haijakwanguliwa. Nikaweka fremu, nikatia alama ncha za vikono, nikaitoa, nikaleta geji ya 0.25. Haikufika. Nikaleta ya 0.50. Ikagusa sawasawa, pande zote mbili, kana kwamba imepimiwa hapo. Na kweli ilikuwa imepimiwa hapo: aliyechora aliweka 0.50, programu ikaheshimu, leza ikaheshimu, na mimi nikasema sawa, endeleeni.

Hakuna mashine iliyokosea. Kama ningempa modeli ile fundi mwenzangu wa Ilala asiye na taarifa yoyote, angechukua geji ndogo bila kuuliza, kwa sababu tumejifunza kwa mabwana walewale na tumekemewa kwa makosa yaleyale. Yule wa Shenzhen hakukemewa na bwana wangu. Alipokea umbo bila mkono. Nilimwuliza megapaskali na nikasahau kumwambia robo milimita.

Tangu siku ile fomu yetu ya kazi za kutuma nje ina mistari ambayo zamani ingekuwa matusi kumwandikia fundi: kina cha ncha ya kila kikono kwa namba, unene wake shinani na nchani, kwamba kiwe kinapungua unene kuelekea nchani na si sawa mwanzo mwisho, na kwamba nguzo za kuchapia zisiote kwenye kikono. Kuijaza inachukua dakika ishirini. Vijana wanaojifunza kwetu nawajazisha hata kwa kazi tunayosubu wenyewe. Mmoja ameshaniuliza kwa nini bamba la nyuma tunalipa kimo kile tunachokipa, na sikuwa na jibu zaidi ya "ndivyo tunavyofanya".

Uamuzi, na kosa la pili

Njia zilikuwa tatu. Kuagiza nyingine Shenzhen na kusubiri siku nyingine kumi na mbili. Kutumia ya kusubu, yenye vitundu pabaya na mtikisiko kwenye chonge. Au kuichukua ya printa, iliyokaa vizuri kuliko zote, na kupunguza ukali wa vikono.

Mama alikuwa na harusi ya mwanawe mwezi ule. Tukachukua ya tatu. Nilisaga upande wa ndani wa ncha ili isiingie sana, nikapunguza unene wa kikono ili kipinde kirahisi. Kulia nilifanya vizuri, nikashuka polepole kutoka shinani hadi nchani. Kushoto diski haikufika vizuri kwa sababu ya wavu, nikasaga zaidi katikati. Nilijua sipaswi. Kikono kinatakiwa kiwe chembamba nchani. Kikiwa chembamba katikati, kila mkunjo unakwenda palepale.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama inavyokwenda. Daktari alibandika trei ndogo za akriliki juu ya wavu, akachukua kipimo cha fizi ya nyuma fremu ikiwa imeshikwa kwenye meno, nami nikakata sehemu ya nyuma ya modeli na kuimwaga upya kufuata kipimo hicho. Kwa Daraja la Kwanza hatua hii huwa naidai hata daktari akinuna, kwa sababu fizi iliyolala na fizi inayotafuniwa hazina umbo moja. Na hatua hii haina maana kama fremu yenyewe haitulii kwenye meno. Ndiyo sababu mtikisiko wa ile ya kusubu ulitushinda zaidi ya vitundu vyake.

Meno yakapangwa, yakafungwa, yakatoka. Mama alikula pilau la harusi. Wiki ya pili alirudi na kidonda kidogo chini ya ulimi, tukapunguza ukingo, kikapona.

Kuna waliosikia kisa hiki wakaniuliza mbona sinunui printa ndogo ya resini, nichape fremu ya resini inayoungua, kisha niisubu mwenyewe. Ni njia nzuri, na printa hiyo bei yake haifanani kabisa na ya leza. Lakini inaondoa uchongaji wa nta tu, na uchongaji wa nta haujawahi kuwa tatizo langu. Kalibu bado itaingia kwenye tanuru lile lile, na tanuru bado litategemea dumu.

Mwezi wa nne

Mama alirudi na meno kwenye leso, safari hii yakiwa mazima isipokuwa kikono cha I cha kushoto, kilichokuwa kimefungwa peke yake kwenye karatasi ya tishu. Kilikatika alfajiri akikivaa. Hakuanguka nacho wala kutafuna mfupa.

Kwa kioo cha kukuza hadithi ilisomeka yenyewe. Ufa ulianzia kwenye mchirizi wa diski yangu, pale katikati nilipopapunguza, na hatua moja kutoka hapo kulikuwa na kovu la kisiki cha nguzo ambalo sikulipolishi hadi likaisha. Mama anavaa mara mbili kwa siku na kuvua mara mbili. Kwa miezi minne kikono kimepindika na kurudi karibu mara mia tano, na kila mara kikipindikia kwenye mchirizi ule ule. Mtu anaweza kusema chuma cha printa kinachoka upesi. Ni kweli kwamba ukwaruzo na upande ambao fremu ilielekezwa wakati wa kuchapwa vinaathiri uchovu wa chuma. Lakini mchirizi ule haukutoka China.

Kuchomea kwa leza hatuna. Kwa moto wa kawaida ningeyeyusha akriliki yote. Faili lipo, na Shenzhen wangeichapa fremu nyingine bila kumgusa mama, jambo ambalo ukungu wa silikoni hauwezi kuahidi baada ya miezi minne ya joto la Ilala; ila faili lile bado lina 0.50 ndani yake, na hakuna aliyelirekebisha. Kwa hiyo nilifanya ukarabati ambao babu yetu yeyote wa fani hii angeufanya. Nilikunja kwa koleo waya wa chuma cha pua wa milimita 0.9, nikautia shina ndani ya akriliki ya kushoto, nikaupandisha ulizunguke jino la 34 upande wa shavu. Ncha niliipeleka mahali waya unapotaka, nusu milimita chini ya tumbo la jino. Nukta ya penseli iliangukia palepale alipoiweka yule mchoraji wa Shenzhen.

Mama akavaa, akavua, akavaa tena bila kukunja uso.

"Fundi," akasema, "huu waya mbona hukuniwekea tangu mwanzo?"